Dhahabu Mpya Kwenye Sahani Kuukuu

Nyumba ilikuwa inauzwa, na waliokuwa wakiishi ndani yake hawakuwa na pesa za kuinunua.

Bibi Poole aliyewapangisha alikufa kabla ya Krismasi. Mpwa wake Craig, aliyerithi nyumba tatu za mtaa ule, hakutaka maisha ya kudai kodi kwa watu wazima. Alikuja mwenyewe kuwaambia, amevaa kaptura katikati ya Januari, akasimama juu ya zulia la sebuleni na viatu vya tope. Alisema yeye si mtu mbaya. Shangazi yake aliwapenda, kwa hiyo atawapa nafasi ya kwanza kwa pauni elfu sabini, na kwa mji wa Longton bei hiyo ilikuwa ya huruma kweli. Ila mwisho wa Machi, kama hawajaweka kianzio, atapigilia bango la kuuza mlangoni na wao watafute pengine. Akasema pole, akaondoka, na Glenys Bagnall akapiga magoti kusugua zulia.

Benki ilikubali kwa shingo upande. Glenys alikuwa anapika kwenye kantini ya shule na mumewe Neville anaendesha basi la kukodi, mishahara miwili ya kuungaunga, na umri wao ulimfanya yule binti wa benki aguse kikokotoo chake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwishowe alisema wangewakopesha elfu sitini na tatu. Hizo saba walete wenyewe. Kwenye akiba walikuwa na elfu mbili na mia moja.

Jioni ile walikula chapati za shayiri zenye jibini na nyama, kila mmoja akitazama sahani yake, sahani za dukani, nyeupe, za kununua nne kwa bei ya tatu.

"Tutauza zile za kabatini," Neville alisema.

Glenys aliacha kutafuna. "Zipi? Zile?"

"Kuna kabati lingine humu?"

"Nev, zile dhahabu imezitoka kama meno ya babu. Nani atakupa elfu tano?"

"Wapo watu."

"Watu wenye macho?"

"We niachie mimi," Neville alisema, akajimiminia chai.

Maneno hayo mawili, niachie mimi, yamewatoa watu wengi kwenye nyumba zao.

Kabati lenyewe lilikuwa la kioo, limechukua ukuta mzima wa sebule, kiasi kwamba runinga ilibidi iwekwe pembeni na kutazamwa kwa shingo iliyopinda. Ndani yake mlikuwa na vyombo hamsini na vitatu vya kauri: sahani, birika, mabakuli ya mchuzi yenye vifuniko, vikombe na visahani vyake, vyote vya seti moja, ukingo wa buluu nzito, mistari ya dhahabu, na katikati shada la maua ambalo halikufanana kwenye vyombo viwili. Seti hiyo ilitengenezwa Longton hapo hapo, miaka mia mbili iliyopita, kwenye kiwanda ambacho leo ni maegesho ya magari. Kisha warithi wa tajiri mmoja waligombana, wakagawana, na vyombo vikatawanyika nchi nzima. Neville alikuwa amevirudisha nyumbani kimoja kimoja kwa miaka ishirini na sita.

Hilo halikuwa jambo la ajabu pale. Mtu wa Longton akialikwa chakula, hata ikulu, atageuza sahani kwanza aone muhuri wa chini kabla hajaonja kilichowekwa juu yake. Neville mwenyewe alimimina udongo kwenye kalibu za vikombe tangu alipoacha shule mpaka kiwanda kilipofungwa. Glenys alikuwa mpakaji wa dhahabu kwenye kiwanda hicho hicho. Walijuana kwenye foleni ya mshahara. Mikono yao ilitengeneza vyombo vya kulisha nusu ya dunia, na walipofunga ndoa walipewa zawadi ya sahani za kasoro, zile ambazo muhuri wake umekwaruzwa ili kila atakayezigeuza ajue ni makombo. Tangu siku hiyo Neville alitaka kitu kimoja ambacho muhuri wake haukukwaruzwa. Kikawa viwili, kikawa kabati.

Na alikuwa na desturi moja kuhusu bei: alikuwa anakata sifuri. Akinunua kisahani kwa pauni themanini, anamwambia mkewe nane. Bakuli la mchuzi la pauni mia sita lilikuwa sitini, na hata hizo sitini Glenys alizipigia kelele wiki nzima. Neville hakuona kuwa anadanganya. Pesa zilikuwa za ziada, za safari za Jumapili na za kuendesha sikukuu, na tarakimu alizotaja zilikuwa za kweli isipokuwa moja, tena ile isiyo na thamani. Kwa hesabu ya Glenys, kabati lote liliwagharimu pauni mia saba kwa miaka ishirini na sita. Alilichukulia kama ulevi mdogo. Wanaume wengine walikuwa na farasi wa kubahatisha.

*

Mthamini wa kampuni ya mnada aliahidi kuja Jumanne baada ya likizo ya shule ya Februari. Wiki ya likizo yenyewe Neville alikuwa barabarani, amewapeleka wazee arobaini Skotlandi kutazama maziwa kwenye mvua. Kantini ilifungwa. Glenys akabaki nyumbani na kabati.

Siku ya kwanza alifuta vumbi. Siku ya pili alitoa sahani moja, akaipeleka dirishani. Dhahabu ya ukingo ilikuwa imeliwa na vidole na vijiko vya watu waliokufa zamani. Mahali pengine palibaki kivuli tu, rangi ya chai. Kiwandani, sahani iliyokatika mstari wa dhahabu haikufika hata kwa mkaguzi. Ilikwenda rafu ya makombo na ikauzwa kwa uzito. Na mumewe alikuwa anamngoja bwana mwenye tai aje ailipie maelfu. Akilini alimwona Neville amesimama hapo kama mtoto aliyeleta mchoro, na yule bwana akikohoa kwa adabu. Akampigia simu Beryl Machin.

Beryl alikuwa rafiki yake wa benchi moja, walikaa bega kwa bega miaka ishirini na mbili wakipaka mistari. Kiwanda kilipofungwa alinunua tanuri dogo la umeme, akaliweka bandani nyuma ya nyumba, akawa anachoma vikombe vya majina ya wajukuu wa watu. Alikuja, akageuza sahani, kisha akaitazama mbele.

"Maskini," alisema. "Imechoka hii."

"Tunaweza?"

"Kuweza tunaweza. Nev anajua?"

"Nataka akirudi aikute."

Beryl alijikuna kidevu. Alisema kuna watu wanaopenda vitu vya kale vikiwa hivyo hivyo, na uzee wake.

"Shoga, ungeuza gari limeshika kutu bila kulipiga rangi?"

"Mimi sina gari."

"Basi."

Ndivyo lilivyoamuliwa. Glenys alikwenda kwa muuza vifaa mmoja mjini Hanley akanunua dhahabu ya maji, ile nzito ya kusuguliwa, si ile ya rahisi inayong'aa yenyewe kama karatasi ya peremende. Chupa zilikuwa ndogo kuliko dawa ya macho na zilimla pauni mia tatu na ishirini kutoka kwenye akiba. Alihesabu noti mara mbili kabla ya kulipa. Lakini alijiambia hii ni mbegu.

Walifanya kazi kwenye meza ya jikoni. Glenys aliweka sahani juu ya gurudumu dogo la chuma, akaizungusha kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akateremsha brashi. Mstari ukatoka bila kukatika, mduara mzima, ukarudi ulikoanzia kama haujawahi kuwa na mwanzo. Alikuwa hajashika brashi tangu kiwanda kifungwe na alikuwa na hofu kwamba mkono umesahau. Mkono haukuwa umesahau kitu. Beryl alibeba vyombo hadi bandani akiwa amevifunga mashuka, na usiku vikachomwa, na asubuhi vikatoka na dhahabu yenye rangi ya haradali kavu, na Glenys akaisugua kwa jiwe la akiki mpaka ikawaka.

Sahani moja ilitoka na madoa meusi kama usubi. Beryl alisema kauri ikishakaa miaka mingi inakunywa vitu, na ukiirudisha motoni inavitema. Waliiweka nyuma ya nyingine.

Kufikia Ijumaa walikuwa wamemaliza vyombo ishirini na viwili, vile vilivyochakaa zaidi, na kwa bahati vilikuwa pia ndivyo vikubwa. Na chini ya kila kimoja, karibu na muhuri, Glenys alitia alama yake: nukta na vistari viwili. Hakufikiri hata kidogo. Kiwandani kila mpakaji alikuwa na alama yake, na kazi isiyo na alama hailipwi.

*

Neville alirudi Jumamosi jioni, mgongo umemkaza, akiwa amesikiliza nyimbo za wazee arobaini tangu Glasgow. Glenys alikuwa ameoka pai ya nyama na kuwasha taa ya ndani ya kabati. Alimwambia avue viatu aje aone.

Neville alitazama. Kabati lilikuwa linawaka kama dirisha la sonara.

Alikuwa amesoma kila alichoweza kukipata juu ya vyombo hivyo, yeye aliyeacha shule na miaka kumi na tano, na alijua vizuri, kabla hajasogea hatua moja, kilichotokea na maana yake. Wanunuzi wa vitu hivi hulipia dhahabu iliyochakaa kwa sababu imechakaa. Dhahabu mpya ni sawa na kumchora ndevu marehemu. Angeweza kusema. Lakini akisema kimeharibika, mke wake atauliza kimeharibika kitu cha pauni ngapi, na hapo itabidi sifuri zote zirudi mahali pake, moja moja, miaka ishirini na sita.

"Nani kafanya?" aliuliza, ingawa aliujua mkono ule.

"Nani mwingine? Beryl katia moto tu." Glenys alikuwa anapangusa mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Useme basi. Au ulimi umeuacha Skotlandi?"

Neville alifungua kabati, akachukua bakuli la mchuzi, lile la mia sita, akalizungusha kwenye mwanga. Mstari ulikuwa mkamilifu. Hata mpakaji wa kwanza, yule wa miaka mia mbili nyuma, hakuupata hivyo.

"Umefanya kazi nzuri, Glen," alisema.

Haukuwa uongo. Glenys alikwenda jikoni kukata pai akiimba chini chini. Neville alibaki pale, akaanza kuzipanga sahani upya, zilizoguswa akazisukuma nyuma, ambazo hazikuguswa mbele. Kisha alipunguza mwanga wa taa. Alijiambia mthamini naye ni binadamu, huenda akaja amechelewa, huenda ana mafua.

*

Bwana Lovatt alifika saa yake kamili na hakuwa na mafua. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenyeji, baba yake alikuwa fundi wa tanuri, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Glenys alimpenda kwa hilo. Alimpa chai na biskuti, akakaa ukingoni mwa kiti.

Lovatt aliangalia zile za mbele kwanza. Aligonga kisahani kwa ukucha, akasikiliza mlio, akatikisa kichwa kwa heshima. Aliuliza ni ngapi kwa jumla. Neville alipomwambia, akasema tangu aanze kazi hajaona nyingi hivyo za seti ile zikiwa pamoja. Alisema soko la sahani limelala, vijana hawana hata meza za kulia, wanakula na sahani mapajani, lakini kitu kama hiki wapo watu wawili watatu watakaopanda ndege kukifuata.

Glenys alimtazama mumewe kwa macho ya mtu anayeomba radhi. Neville hakuyaona. Alikuwa anatazama mkono wa Lovatt, uliokuwa unaelekea nyuma ya kabati.

Ulitoka na bakuli la mchuzi. Lovatt aliligeuza juu chini, kama anavyofanya kila mtu wa mji ule. Alisogea dirishani. Alilitazama kwa kioo kidogo cha kukuzia kwa muda mrefu kuliko alivyotazama vyote vingine, na aliporudi alilishika kwa namna nyingine, kama kitu cha dukani.

"Hii nukta na vistari viwili," alisema. "Ni ya nani?"

"Ni yangu," Glenys alisema. "Na hizo nyingine ishirini na moja. Nilikuwa mpakaji wa dhahabu. Miaka ishirini na mbili."

"Lini, mama?"

"Wiki iliyopita."

Lovatt aliweka bakuli chini polepole. Aliwatazama wote wawili, na kwa kuwa hakuwa mtu katili alianza na sifa. Alisema mkono kama ule siku hizi haupatikani, kwamba angekuwa na kiwanda angemwajiri leo. Kisha alieleza. Alieleza kwa sauti ya chini, kama daktari, akitumia maneno mengi yenye maana moja. Glenys alimwacha amalize.

"Sema bei," alisema.

"Zingekuwa kama zilivyokuwa, ningeziandikia elfu nane. Zingeweza kufika tisa."

"Na sasa?"

"Mia tatu. Mia nne, tukipata mtu wa mapambo."

"Hizo ambazo sikuzigusa?"

"Hizo ni vikombe na visahani, mama. Thamani ilikuwa kwenye mabakuli na sahani kubwa, na kwenye kuwa pamoja. Anayenunua seti hataki nusu yake."

Neville alikuwa amenyamaza wakati wote huo, na huenda angenyamaza mpaka mwisho. Lakini neno mia tatu lilimgonga mahali pabaya.

"Mia tatu?" alisema. "Bakuli hilo peke yake nililinunua mia sita."

Lovatt aliinama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Sitini," Glenys alisema.

Neville alichukua biskuti, akairudisha sahanini.

"Uliniambia sitini, Nev. Nikasema sitini ni viatu vya majira mawili ya baridi. Ukasema utanipunguzia kwenye bia."

"Glen, tuna mgeni."

"Mgeni ameshajua kila kitu, ni mimi tu nisiyejua. Na ile sahani kubwa, ya pauni kumi na tano?"

"Mia na hamsini."

"Birika?"

"Basi, Glen."

"Birika, Nev."

"Mia nne na ishirini."

Glenys hakupiga kelele. Alikuwa amepika kwa watoto mia tatu kila siku na alijua kuzidisha kwa kumi bila karatasi. Mia saba yake, ile ya ulevi mdogo, ilipata sifuri ikawa elfu saba. Alikaa na tarakimu hiyo kidogo. Kisha aliitambua. Ilikuwa kianzio, kamili, bila kupungua hata pauni moja. Walikuwa wameshakilipa zamani, ila walikuwa wamemlipa mtu mwingine.

Lovatt alivaa viatu vyake mlangoni kwa haraka, bila kufunga kamba.

*

Mtaani walisema Glenys alivunja sahani. Hakuvunja hata moja. Walikaa jikoni, chai ikapoa, na kila mmoja akapata nafasi ya kusema alichotaka kusema.

"Uliona Jumamosi," Glenys alisema. "Ulijua tangu Jumamosi, ukanilia pai yangu."

"Ningekwambia nini?"

"Ukweli. Hukuwahi kuujaribu, labda ungeupenda."

"Na wewe ungeniuliza kabla hujagusa. Vitu si vyako."

"Ungeniambia bei ningeogopa hata kuvifuta vumbi."

Neville alisugua macho. Alisema, bila ukali, kwamba kama angemwambia bei, asingemwacha anunue hata kisahani cha kwanza.

"Nisingekuacha," Glenys alisema. "Tungekuwa na nyumba."

Walianza kuhangaika kila mtu upande wake. Neville alimwomba tajiri wake mkopo wa mshahara, na tajiri wake, aliyekuwa akimwita ndugu yangu kila Ijumaa, alimwambia biashara ni ngumu huku akimwagilia maji gari jipya. Glenys alikwenda benki peke yake kuuliza kama wangekubali kianzio cha elfu moja na mia saba. Yule binti alimpa kijitabu kuhusu kuweka akiba. Kisha walikwenda wote wawili kwa Craig kumwomba miezi sita. Aliwapokea mlangoni akiwa ameshika kikombe cha karatasi, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema hata yeye ana watu wanaomdai. Aliongeza kuwa ameona kabati lao siku ile, zile sahani za kuwaka, na kwamba watu wenye vitu kama vile hawawezi kumwambia hawana pesa.

Neville alifungua mdomo kueleza. Siku Craig alipokuja sahani zilikuwa bado hazijawaka; zilikuwa zimechakaa na zenye thamani ya kianzio cha nyumba. Lakini ni maelezo marefu ya kutoa mlangoni kwa mtu mwenye kaptura.

"Twende," Glenys alimwambia.

Bango lilipigiliwa asubuhi ya kwanza ya Aprili. Wanandoa wawili kutoka Manchester walikuja kutazama, wakapita chumba kwa chumba wakiongea juu ya kuta watakazobomoa, na yule mke alimuuliza Glenys kama majirani ni watu watulivu. Glenys alimjibu kuwa majirani ni watu wazuri sana. Alikuwa amewapa majirani hao sukari, mayai na ufunguo wa ziada kwa miaka isiyo na idadi, na aliona hana sababu ya kuwaharibia.

*

Mnada ulikuwa Alhamisi, ndani ya ghala lenye baridi. Vyombo vyao vilikuwa fungu la mia mbili na kumi na nne, baina ya kiti cha kubembea na sanduku la vinyago vya mbwa. Glenys hakutaka kwenda, kisha alikwenda. Walikaa nyuma, na kiti kimoja kitupu katikati yao chenye makoti.

Dalali aliomba mia tano, akapata ukimya. Akaomba mia mbili. Mkono ukainuka, na mwingine, wakapandishana kwa uvivu mpaka mia tatu na arobaini, na nyundo ikaanguka. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara. Aliyenunua alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya shingoni, anayekodisha vyombo vya chai kwa maharusi.

Walimkuta kaunta wakati wa kusaini karatasi. Wachukuzi walikuwa wanafunga vyombo kwenye magazeti, na yule mama alichukua sahani moja mikononi mwao akaizungusha kwenye taa.

"Wengine wanapenda zile zilizofifia," alimwambia Neville. "Mimi bibi harusi akiona ukingo umefifia anadai punguzo. Nimezunguka nchi nzima. Sijaona dhahabu imekaa hivi."

"Imepakwa mwezi wa pili," Glenys alisema.

Yule mama alicheka, akamgusa bega, akasema laiti. Alionekana mtu mwema mwenye haraka. Glenys alitazama sahani inarudishwa gazetini, mstari wake mzima bila kukatika, halafu akamwuliza Neville kama gari amelipaki mahali pa kulipia.

Njiani hawakuwasha redio. Karibu na mzunguko wa Meir, Neville alisema ule mstari wa bakuli ulikuwa bora kuliko wa asili. Alisema alitaka kumwambia hivyo tangu siku ile, na kwamba sehemu ile ilikuwa kweli.

"Najua ni kweli," Glenys alisema. "Angalia mbele."

Mwezi wa tano walihamia kwenye vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya duka la samaki wa kukaanga, kodi imezidi ya zamani kwa pauni mia na tisini kila mwezi. Kabati halikupita kwenye ngazi. Waliliacha uani, na mtu akalichukua, au mvua.

Kabla ya kulala siku ya kwanza, Glenys alifanya hesabu kwa sauti, na Neville akasikiliza bila kumkatiza. Mnadani, mia tatu na arobaini. Ada ya dalali, kodi, picha na bima, tisini na saba. Zikabaki mia mbili na arobaini na tatu. Dhahabu, mia tatu na ishirini. Umeme wa Beryl, ambao Beryl aliukataa na Glenys akamsukumia chini ya mlango, arobaini.

Kwa hiyo kuuza mali ya miaka ishirini na sita kuliwagharimu pauni mia moja na kumi na saba. Ile elfu saba ya kuinunua hakuitaja. Na nyumba hakuihesabu, kwa sababu haikuwahi kuwa yao.